Picha Iliyoganda kwenye Kioo

Léocadie alikuwa fundi cherehani huko Bellevue, Johannesburg. Juu ya cherehani yake, katika chumba cha kupanga, ilining'inia picha ya mama yake. Ukuta ule ulilowa kila mvua iliponyesha, lakini nani angehangaika na ukuta wakati nguo za watu zimejaa mezani?

Siku moja mwaka 2017 simu ikaja kutoka kwao Uvira, Kongo: Mama amefariki. Léocadie hakuwa na karatasi za kusafiria. Akaamua kufanya kilio hapohapo Johannesburg, picha ikae mbele ya watu. Alipoifungua fremu, akakuta picha imeganda kwenye kioo. Akaivuta. Ukingo ukachanika, na mkono wa Mama ukaharibika kabisa. Akaangua kilio.

Jirani yake Khatibu, mtu wa Tanga aliyekuwa akipiga watu picha kwenye bustani ya Joubert Park, akabisha hodi. Alimkuta ameshika kisu, tayari kuibandua.

"Weka kisu chini, dada," alisema taratibu. "Ukivuta tena, utauharibu uso."

"Niko na hii moja tu, kaka. Zingine ziliungua vitani, na Mama hakupigwa picha tena. Ikipotea, nitamuona wapi?"

Khatibu akamweleza kwamba unyevu ndio unaogandisha picha kwenye kioo. Picha haitakiwi kugusa kioo; huzungushiwa ukingo wa kadibodi, na hutundikwa kwenye ukuta mkavu. Iliyokwisha kuganda haivutwi. Hupigwa picha hivyohivyo ilivyo.

Akakifuta kioo kwa nje, akailaza picha karibu na dirisha, akazima flashi ya simu isimeremete kwenye kioo, akapiga. Wakaihifadhi kwenye simu zote mbili. Wakamtumia na Orpha, mdogo wake Léocadie, kule Uvira. Kisha wakaenda kuchapisha nakala. Khatibu akamwambia aandike jina la Mama nyuma ya nakala kwa penseli. Léocadie aliandika huku machozi yanamtoka.

Siku ya kilio nakala ile ilisimama mezani, kando ya ukuta mkavu. Mkono haukuwepo, na jambo hilo lilimuuma Léocadie sana. Uso ulikuwepo wote.

Orpha akapiga simu.

"Dada, sisi huku tulikuwa tunalilia kiti kitupu," alisema. "Sasa, kwa picha uliyotuma, tumemuweka Mama hapo."

Léocadie aliiweka simu kando ya picha, sauti juu. Uvira walikuwa wanaimba, na watu wa Bellevue wakaitikia.