Chama cha Marehemu Baba

Mama Brashi, mchora mabango, alikuwa uani akikoroga rangi ya bluu. Ubao wa kumbukumbu wa ukumbi wa mji ulitakiwa Jumamosi. Ungeonyesha wagombea wa uchaguzi wa kwanza wa bunge, na chama cha kila mmoja. Marehemu baba yake alikuwa mmoja wao.

"Mpake bluu," alisema shangazi yake. "Kaka yangu alikuwa Chama cha Umoja, na rangi yao ni bluu. Picha hii hapa, amevaa kofia yao."

Jirani yao, mkutubi, aliigeuza picha. Nyuma paliandikwa mwaka.

"Shangazi, hii ilipigwa miaka saba baada ya uchaguzi. Mtu huhama chama kama anavyohama nyumba."

"Wewe ulikuwa hata hujazaliwa!"

"Ndiyo maana sikiamini kichwa changu. Natafuta karatasi za siku zile zile. Tena mbili, moja ikiteleza nyingine ishike."

"Mkiandika upuuzi, Jumamosi msinione!"

Mama Brashi aliitazama rangi ya bluu. Shangazi ndiye aliyemlea. Lakini yeye akikosea ubaoni, watoto wa mji mzima watajifunza uongo kwa mkono wake. Akaweka brashi chini.

"Twende wote watatu."

Maktabani, mkutubi alileta orodha rasmi ya wagombea na gazeti la wiki ya kura. Mama Brashi akainama asome. Shangazi akamsukuma kwa kiwiko.

"Niachie. Sikwenda kisomo cha watu wazima kupiga soga."

Kidole chake kilitambaa juu ya orodha. Jina la kaka yake. Jimbo lake. Kisha safu ya chama: "M-go-mbe-a hu-ru." Akahamia kwenye gazeti. Nalo lilisema hivyo hivyo.

"Yaani hakuwa na chama?" shangazi aliuliza.

"Mwaka ule hakuwa nacho," alisema mkutubi. "Umoja aliingia baadaye."

Shangazi akaangua kicheko. "Mkaidi yule! Alisimama peke yake, na sisi tukamvisha kofia."

Mama Brashi aliandika "mgombea huru". Kwa wagombea wengine wawili, safu ya chama ilikuwa imefutika, na gazeti halikuwataja. Hakuwabahatishia. Aliandika "bado haijathibitishwa".

Jumamosi, shangazi alifika ukumbini wa kwanza. Watu walipoyaona maneno hayo, familia ya mmoja wa wagombea hao wawili ilirudi nyumbani, ikaleta gazeti kuukuu lililofungwa kwenye kitambaa. Ubishi ukaanza. Shangazi akavuta kiti, akavaa miwani.

"Punguzeni kelele," alisema. "Tusome kwanza. Kubishana kupo tu."