Kipimo cha Bati

Kulikuwa na nyumba moja ambayo haikuhitaji saa wala jogoo. Fundi bati akianza kugonga asubuhi, mtaa mzima unaamka. Fundi huyo alitengeneza ndoo, makopo ya kumwagilia maua na masanduku ya bati. Karakana yake ilikuwa mbele. Vyumba viwili vya familia vilikuwa nyuma. Katikati palikuwa na nafasi ya mlango, isiyofungwa kamwe.

Katika nyumba hiyo watu hawakuongea. Walipiga kelele, kwa wema tu, ili kuishinda nyundo. Fundi akiita mtu wa nyumba ya tatu, mtu wa nyumba ya nne naye anaitika, asije akalaumiwa. Baba yake fundi, ambaye wote walimwita Babu, alifanya kazi hiyo kabla yake. Babu alisema kwamba ujanani aliwahi kugonga pipa kwa nguvu hadi saa ya jirani ikarudi nyuma dakika tano. Sisi hatukuwepo, kwa hiyo hatubishi.

Fundi na mkewe walikuwa na mtoto mmoja wa kiume, mwenye umri wa miaka miwili na nusu. Jina lake la utani lilikuwa Kimbunga, na hakulipata kwa bahati mbaya. Mtoto huyu hakutembea, alipita. Akipita, vikombe vinaanguka. Ukimwita, haji. Ukimkataza, anaendelea. Ukimnyang'anya kitu, anauma. Kufikia mwezi huo alikuwa ameuma wateja watatu, mtoto wa jirani na mguu mmoja wa meza. Meza haikulalamika. Jirani alilalamika, na tangu siku hiyo mwanawe hakuja tena kucheza.

Mama Kimbunga ndiye aliyeshinda naye kutwa. Kufikia saa sita mchana sauti yake ilikuwa imekauka kwa kuita. Wakati mwingine mtoto alijilaza sakafuni, akalia, akapiga miguu, na mama hakujua analilia nini. Maneno aliyokuwa nayo Kimbunga yalikuwa manne tu, na moja kati ya hayo lilieleweka kwa Babu peke yake.

Mama aliwahi kuuliza kama mtoto anasikia vizuri. Fundi na Babu walicheka. Wao walikuwa na kipimo chao. Babu alichukua bati zima, akalisimamisha nyuma ya mtoto, akalipiga kwa nyundo ya mbao. Kimbunga aliruka juu, akageuka.

"Umeona?" fundi akamwambia mkewe. "Anasikia. Hataki tu."

Kila mama alipopata wasiwasi, walirudia kipimo hicho. Kila mara mtoto aliruka. Kwa hiyo kila mtu alikubali kwamba Kimbunga ni mkaidi, na mkaidi dawa yake inajulikana. Fundi akaanza kumchapa. Si sana, alisema. Lakini kofi dogo la mtu anayekunja bati kwa mikono si dogo hivyo.

Jumatatu moja mambo yaliharibika. Fundi alikuwa ameweka chuma cha kulehemu kwenye jiko la mkaa, kimeiva mpaka chekundu. Akageuka kuchukua risasi ya kuyeyusha ili kuzibia tundu la ndoo. Alipotazama tena, Kimbunga alikuwa amesimama mbele ya jiko, mkono umenyooka. Fundi aliita mara tatu. Mtoto hakugeuza hata kichwa. Fundi aliruka benchi, akamdaka mkono ukiwa umebakiza inchi moja kufika kwenye moto.

Mama alipofika, fundi alikuwa amekaa chini. Mtoto alikuwa analia, kwa sababu tayari alikuwa amechapwa.

Mchana huohuo fundi alimpigia simu dada yake mkubwa. Shangazi aliishi mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi. Alikuwa amelea watoto sita kwa kutumia macho tu. Walikubaliana kwamba atakuja Jumamosi amchukue Kimbunga, akae naye mwaka mmoja amnyooshe. Huko, fundi alisema, hakuna jiko la karakana wala chuma cha moto.

Mama hakubishana. Alijua mumewe ameogopa. Hata yeye alikuwa ameogopa. Lakini alipoanza kukunja nguo za mtoto, alikunja shati moja mara nne, akalikunjua, akalikunja tena.

Jumatano alikuja mteja kuchukua sanduku lake. Alikuwa muuguzi wa kliniki ya masikio katika hospitali kubwa, na sanduku lilikuwa la kuwekea kadi za wagonjwa. Alikuta kifuniko bado hakijafungwa bawaba, akapewa kigoda angoje. Kimbunga alikuwa mlangoni anachezea vipande vya waya. Muuguzi alimsalimia. Hakuitika. Akamsalimia tena. Mtoto aliendelea na waya zake.

Fundi aliomba radhi. Alieleza kwamba huyu mtoto ni mkaidi, lakini hakuna shida tena, Jumamosi anaondoka. Muuguzi akauliza kama wamewahi kumpima masikio.

Babu alikuwa akilisubiri swali hilo. "Tumempima sana, binti yangu. Ngoja nikuonyeshe."

Akachukua bati, akachukua nyundo. Bati likalia. Kimbunga akaruka na kugeuka. Muuguzi naye akaruka, na paka wa nyumba ya pili, kwa maelezo ya Babu, hajaonekana mpaka leo.

Muuguzi alipotulia, alicheka mpaka akashika kifua. Kisha akaacha kucheka.

"Mzee, kishindo hicho mtu anakisikia hata kwa miguu," alisema. "Kusikia kishindo si kusikia maneno. Naomba mzime kila kitu kwa dakika tano."

Fundi akaweka nyundo chini. Redio ikazimwa. Kimya kikaingia katika nyumba ile kwa mara ya kwanza katika miaka mingi. Majirani wawili walitoka nje kuuliza nani amefariki.

Muuguzi alimwomba mama ampakate mtoto. Babu akakaa mbele, akichezesha vidole ili Kimbunga amtazame yeye. Muuguzi akasimama nyuma, kando kidogo, mahali ambapo mtoto hamwoni. Akaita kwa sauti ya kawaida ya mtu anayezungumza. Kimbunga alitazama vidole. Muuguzi akaita upande wa pili. Akatikisa kikopo chenye punje chache za mchele. Akakunjakunja karatasi karibu na sikio. Mtoto alitazama vidole tu.

Fundi alikuwa bado ameshika bawaba.

Muuguzi alieleza kwamba hicho si kipimo cha hospitali, ni dalili tu. Akauliza maswali. Je, mtoto anapata mafua mara kwa mara? Ndiyo. Anakoroma na kulala mdomo wazi? Ndiyo, na Babu akaigiza. Anavuta masikio? Anatazama sana midomo ya watu? Mama alijibu ndiyo, ndiyo, na kila ndiyo ilitoka chini zaidi ya ile ya kwanza. Muuguzi akauliza kama wamewahi kumtia kitu sikioni. Mama akasema mafuta ya uvuguvugu, mara mbili. Babu akatazama dari, ambayo haikuwa na kitu cha kutazamwa.

"Na wewe, mzee?"

"Unyoya," Babu akasema. "Mmoja tu. Wa kuku msafi."

Muuguzi aliwaambia wasitie kitu chochote sikioni, wala mafuta, wala unyoya, wala njiti. Wamlete kliniki Ijumaa asubuhi.

Mama alimsindikiza muuguzi hadi barabarani. Hapo akauliza lile alilokuwa amelibana. "Dada, kama hasikii, basi wakati wote ule alipokuwa akiuma na kulia, alikuwa hajui tunamwambia nini?"

"Huenda alikuwa anajua nusu," muuguzi alijibu. "Nanyi mlikuwa hamjui anataka nini. Hata mimi ningeuma."

Ijumaa walikwenda wote wanne. Daktari aliangalia masikio kwa kifaa chenye taa. Kisha akaweka kizibo kidogo laini mlangoni mwa sikio, na mashine ikasukuma hewa taratibu. Haikuuma. Baadaye Kimbunga akapimwa katika chumba tulivu, akisikilizishwa sauti kubwa na ndogo.

Jibu likaja. Nyuma ya ngoma ya masikio yote mawili kulikuwa na ute mzito. Ute huo huja baada ya mafua, na kwa watoto wadogo hutokea sana. Mtoto husikia kama mtu aliyezamisha kichwa ndani ya maji. Kelele anazisikia. Maneno yanamfikia yamevunjikavunjika.

"Kwa watoto wengi ute huu huisha wenyewe," daktari alisema. "Tutampima tena baada ya miezi mitatu. Usipoisha, kuna mrija mdogo sana tunaweza kuuweka, au kifaa cha kumsaidia kusikia."

Aliongeza kwamba wapo watoto ambao usikivu wao haurudi. Nao husaidiwa, kwa vifaa au kwa lugha ya alama, na wanasoma na kucheza kama wengine. Ubaya ni kuchelewa kuwaleta.

Mama alishusha pumzi ndefu. Ilikuwa kama alikuwa ameishikilia tangu mtoto azaliwe. Fundi alikuwa ameinama.

"Nimempiga," alisema. "Nimempiga kwa kutosikia."

Muuguzi alivuta kiti, akakaa karibu naye. Alimwambia kwamba kofi halimfundishi hata mtoto mwenye masikio mazima, linamfundisha kuogopa mkono. Na si kila fujo inatoka sikioni. Mtoto wa umri huu ana hasira kubwa na maneno machache, hata akisikia vizuri. Kisha akawaonyesha cha kufanya. Usimwite kwa mbali. Mfuate. Chuchumaa mpaka macho yenu yakutane. Mguse bega, ngoja akutazame. Sema jambo moja, kwa maneno mafupi, huku ukionyesha kwa mkono. Zima kelele kwanza. Akiuma, mshike kwa upole, mtazame, mwambie hapana, inauma. Kisha mwonyeshe namna ya kuomba. Akilia sakafuni, kaa karibu mpaka apoe.

Fundi alichuchumaa palepale kujaribu. Magoti yake yalilia kuliko bati.

Jumamosi Shangazi alifika na begi tupu la nguo za mtoto. Alisikiliza habari yote bila kukaa. Akasema kwamba zamani watoto walikuwa na masikio hayohayo na hakuna aliyeyapeleka hospitali. Wakati huo Kimbunga alikuwa amelivamia begi lake. Shangazi akalivuta. Kimbunga akamuuma kidole.

Shangazi akamkazia yale macho. Mama hakusubiri. Alikwenda, akachuchumaa, akamgusa mtoto bega. Alingoja. Kimbunga alipomtazama, alimwambia taratibu, hapana, inauma. Akafungua kiganja chake, akakionyesha. Omba. Mtoto alilia. Mama alikaa hapohapo sakafuni, akangoja. Kilio kilikuwa kirefu. Babu anasema kilichukua saa tatu, lakini uji alioandaliwa Shangazi ulikuwa bado wa moto kilipoisha. Mwishowe Kimbunga alisogea, akafungua kiganja kidogo, akakielekeza kwenye begi.

Shangazi alitazama kile kiganja kwa muda. Halafu akampa begi.

"Dada, mtoto haendi," fundi akasema. "Nilikuita kwa hofu. Nisamehe kwa safari."

"Nani amesema anakwenda," Shangazi akajibu, akivua viatu. "Mimi nimekuja kutembea."

Akakaa wiki nzima. Wiki hiyo fundi alitundika mlango katikati ya karakana na nyumba, wa kwanza kufungwa katika historia ya ukoo ule. Nyundo na moto vikabaki mbele, mtoto akabaki nyuma. Mama alichora kwa chaki kwenye kipande cha bati kilichokunjwa kingo: kikombe, kitanda, ndoo ya kuogea. Mtoto alionyesha kwa kidole alichotaka. Redio ilipewa likizo. Si kila siku ilikuwa nzuri. Siku moja Kimbunga alimwaga maji yote ya kunywa, na fundi akainua mkono. Akautazama, akautia mfukoni, akachuchumaa.

Kuuma kulipungua. Jirani alimrudisha mwanawe kucheza, kwanza kwa nusu saa, akiwa amesimama mlangoni.

Baada ya miezi mitatu walirudi kliniki. Sikio moja lilikuwa safi kabisa. La pili lilikuwa na ute kidogo, nao wakapewa tarehe nyingine. Kimbunga sasa ana maneno arobaini. Babu anasema ni elfu moja na mia mbili, lakini sisi tumezoea kugawa hesabu za Babu kwa thelathini.

Shangazi alikuja tena kusikia habari. Safari hii alimletea Kimbunga viatu vyekundu. Hakumwita. Alimfuata, akachuchumaa kwa taabu, akamgusa bega, akangoja macho. Kisha akamwambia avae.

Kimbunga akavitazama viatu. Akamtazama shangazi yake. Hakutupa kitu. Hakuuma mtu.

"Sitaki vyekundu," akasema.

Mama alikaa kwenye kigoda, akaanza kucheka huku akifuta macho kwa upindo wa kanga. Fundi alifungua mlango wa karakana akauliza kuna nini. Shangazi akamgeukia wifi yake, akauliza kwa sauti ya chini sana, "Amesema hataki?"

"Amesema hataki, wifi."

"Vizuri," Shangazi akasema, akivirudisha viatu kwenye begi lake. "Kesho tunakwenda kutafuta vya bluu."