Yoyo Iliyolia Mara Nne

Kabla hajauona uso wa mteja, binti fundi wa vyerehani aliona kidole: cha kati, kimefungwa uzi mpaka ncha imeiva. Kisha akasikia kelele. Kriiii! Wateja wote dukani wakageuka.

"Dada fundi, mgonjwa wangu analia," alisema mwenye kidole, akaiweka yoyo mezani kati ya vyerehani viwili vilivyofunguliwa. Alivaa shati la njano, kola imepigwa pasi ikasimama yenyewe. Aliuza vitu vya kuchezea duka la jirani, na kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni kuchezesha yoyo ili watu waingie. "Leo nimewafukuza wote. Bibi mmoja ameziba masikio, akavuka barabara."

"Ni beringi," binti aliiambia meza, maana kusema na watu hakuweza kwa haya. Akaitoa ile beringi isiyozidi kifungo cha shati, akaiosha kwa petroli, akaikausha, akatia tone moja la mafuta ya cherehani. Yoyo ikashuka na kupanda kimya kama paka.

"Mikono yako ni dawa, wewe!"

Masikio ya binti yakawaka moto.

Wiki iliyofuata yoyo ilirudi ikilia. Akaitibu. Wiki ya tatu ikarudi tena, na jamaa akakaa kwenye kigoda akitania, "Daktari, kama hali ni mbaya mlaze hapa, na mimi nikae kumuuguza." Binti alicheka kiganjani. Alipomrudishia yoyo, jamaa aliitia mfukoni bila hata kuijaribu.

Mwenye duka, shangazi yake binti, hakucheka.

"Mashine nzito unaziweza, kidude cha kuchezea kinakushinda? Watu watasema nini? Kikirudi mara ya nne, meza hiyo unaiacha. Utashika ufagio."

Binti alikuwa ameshika ufagio miaka mitatu kabla ya kupewa ile meza.

Jumatatu, kriiii! Jamaa aliitupa yoyo mezani, akakimbilia wateja wake. Shangazi aliutazama ufagio pale pembeni.

Binti akaifungua beringi, akainusa. Limau. Tangu lini mafuta ya cherehani yakanukia limau? Hiyo ilikuwa sabuni ya vyombo, na kutu changa ilikwisha kuota. Yeye ambaye hajawahi kumpigia mwanamume simu, akapiga namba ambayo jamaa alimwachia.

"Haloo, daktari wangu!"

"Unayaosha mafuta yangu kwa sabuni?"

"Nani kakwambia?"

"Pua."

"Sikiliza, mpenzi..."

"Mpenzi wa nani? Wewe unacheza, mimi nanyang'anywa meza!"

Akakata. Ndipo alipogundua kwamba duka zima linamtazama, sindano za vyerehani zimesimama hewani. Kumbe bubu ana sauti!

Haikupita dakika, jamaa akaingia mbio, shati nje, kola imelala. Akapiga magoti mbele ya shangazi.

"Mama, fundi wako hana kosa. Kila Jumapili naiosha mimi, ili ilie, nipate sababu ya kuja."

"Miguu huna? Mwanamume mzima unatanguliza yoyo?"

"Naogopa, mama. Hata haniangalii. Anaangalia meza."

Shangazi alijitahidi kukunja uso, ukamshinda. "Meza ni yake, haendi popote. Na wewe, kama una nia, Jumapili uje nyumbani na wazee wako. Hiyo yoyo uiache." Akaingia chumba cha nyuma, na kicheko chake kikasikika mpaka barabarani.

Jamaa akainuka, akijipangusa magoti. "Umenisamehe?"

Kwa mara ya kwanza binti aliinua macho, akamtazama usoni. Uso ulikuwa mzuri kuliko kidole.

"Baada ya ile mara ya tatu," alisema polepole, "ulijisumbua bure kuosha."

"Kwa nini?"

"Sikutia mafuta."