Ukuta wa Ukumbi wa Pili

Saa tatu asubuhi. Chumba cha kuhifadhia viti, nyuma ya jumba la mikutano.

Mkuu alichora kwa chaki juu ya meza. Ukumbi wa kwanza: maonyesho ya vito, watu elfu mbili. Ukumbi wa pili: mtupu. Katikati, ukuta unaosogea kwa mota, wenye mlango mdogo mmoja. Hotuba ikianza, macho yote jukwaani. Shemeji, ndani ya sare ya mhudumu, afungue kabati la vito kwa ufunguo malaya, ule unaofungua kila kufuli, apite mlangoni na mfuko. Nje, gari.

Fundi alisikiliza. Kuta za jumba lile aliziendesha yeye. Na Shemeji, mume wa dada yake, aliingizwa na yeye kwenye mpango huu; dada hakujua lolote.

Shemeji alipotoka, Mkuu alimvuta Fundi pembeni.

"Mfuko ukipita, mlango unafungwa."

"Na yeye?"

"Askari lazima wapate mtu. Wakipata mmoja, hawahangaiki na wengine."

"Ni mume wa dada yangu."

"Dada yako bado kijana. Ataolewa tena."

Bastola ilionekana kiunoni mwa Mkuu. Fundi akaitikia kwa kichwa. Angefanya nini? Mwenye nguvu mpishe.

Saa nne kasoro robo. Fundi alikwenda msalani mara ya tatu. Alichungulia ukumbini: shemeji akigawa maji kwa adabu zote, mtu ambaye nyumbani hata kikombe hakioshi. Fundi alitaka kucheka, akashindwa. Alimpenda yule mjinga.

Saa nne kamili. Hotuba ikaanza. Mkuu na Fundi walisubiri ukumbi wa pili, kando ya mlango mdogo.

Mlango ukafunguka, mkono ukatoa mfuko. Mkuu akaupokonya, akausukuma mlango kwa bega, akafunga na kutia ufunguo mfukoni. Kisha akatimua mbio kuelekea kwenye gari.

"Shemeji," sauti ilinong'ona upande wa pili. "Shemeji, fungua."

Kengele ya hatari ikalia.

Fundi hakufikiri tena. Aliifuata swichi ya ukuta, akaizungusha. Mota ikanguruma. Ukuta mzima ukaanza kusogea, mwanga ukamwagika, na watu elfu mbili wakamwona mwanamume mmoja anakimbia katikati ya ukumbi mtupu, amekumbatia mfuko. Wakadhani ni sehemu ya maonyesho. Wakapiga makofi.

Mkuu akageuka, akachomoa bastola. Makofi yakakatika. Askari wakamwahi kwa risasi mbili, akaanguka kabla hajaufikia mlango wa nje.

Katika vurugu zile Fundi akamshika shemeji mkono.

"Beba sinia. Toka na wahudumu wenzako."

"Na wewe?"

"Ukuta huu hauendeshwi na mtu mwingine. Watanijia tu."

"Dada yako nimwambie nini?"

"Mwambie nilikuingiza mimi. Nenda."

Shemeji alisita, macho yamemjaa machozi, kisha akamezwa na umati.

Askari walifika wakihema. Mmoja akauliza ni nani aliyefungua ukuta. Fundi akanyoosha mkono.