Kengele Nyuma ya Sauti

Haya yalimpata rafiki yangu Muriuki, daktari wa mifugo kule Garissa, mwaka wa mafuriko ya tisini na saba. Kila adhuhuri simu ya nyumbani ililia, na sauti ile ile ya kurekodiwa ikasema, “Subiri, unaunganishwa.”

“Kanda mbovu wewe!” Muriuki alifoka, akabwaga mkonga wa simu.

Siku moja akasikia kengele ya mbao ikigonga nyuma ya sauti. Akamwita jirani yake Warfa, mfuga ngamia, aje wacheke wote. Warfa akasikiliza, hakucheka.

“Daktari, kengele hii niliichonga mimi. Ilibebwa na mto Tana juzi, ikiwa shingoni mwa ngamia wangu aliyezama.”

“Upuuzi wa porini!” Muriuki akasonya, akampokonya mkonga, akang'oa waya wa simu ukutani.

Mkonga ukasema mkononi mwake, “Umeunganishwa.”

Chumbani kwake kengele ya mbao ikagonga, hatua kwa hatua, ikija mlangoni.