Kodi Moja, Mikono Minne

Kila asubuhi, chai ikiwa bado ya moto, nyundo ilianza kulia katika chumba cha chini cha lile jengo. Huyo alikuwa Fundi Sofa. Alikata mbao, akazipigilia misumari, mpaka umbo la kiti likatokea. Kisha alilisukuma nyuma ya pazia, kwa mkewe. Mkewe alikata kitambaa, akashona, akajaza sponji, akavuta mpaka kitambaa kikakaza bila mkunjo. Kiti kilichotoka nyuma ya pazia kilikuwa cha kumkalisha mkwe.

Wateja walipouliza nani ameshona, Fundi alijibu, "Hii mikono yangu." Alijibu hivyo tangu walipofungua duka. Aliogopa kwamba mteja akisikia ni kazi ya mke wa fundi, ataomba kupunguziwa bei. Kibao cha mlangoni kilikuwa na jina lake peke yake. Risiti zilikuwa zake, namba ya mlipa kodi yake. Fundi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kiburi tu, na kiburi nacho kina gharama.

Mwaka ule kazi zilikuja kwa wingi. Hoteli moja iliagiza viti vya ukumbi mzima. Walifurahi, wakala, wakavaa. Kisha yakaja makadirio ya kodi. Kodi ilikuwa imepanda kuliko walivyofikiri, na walichoweka akiba hakikutosha.

Fundi alikizunguka chumba akitafuta cha kuuza. Macho yake yakatua kwenye cherehani ya mkewe, ile nzito ya kushonea ngozi. Akasema itauzwa, na Jumamosi mtu atakuja kuichukua.

Mkewe alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kipande cha sponji. Cherehani ile alipewa na shangazi yake, aliyemfundisha kazi.

"Baba watoto, na hizo sofa zitashonwa na nini?" aliuliza.

Fundi akasema atapeleka kazi kwa mafundi wa nje. Mkewe akarudi nyuma ya pazia.

Kilichomchoma Fundi zaidi ni jirani wa ghorofa ya juu. Jirani huyo alitengeneza mabasi, na watu walimwita Spana. Mke wa Spana alikaa dirishani katika ofisi ya kodi, akipokea watu. Jengo zima lilimwita Dada wa Kodi. Siku moja Fundi na Spana walikuwa wanabishana nani ana maisha magumu, wakatajiana mapato yao. Ya Spana na mkewe ukijumlisha, yalikuwa sawasawa na ya Fundi. Lakini kodi yao ilikuwa ndogo. Fundi akaamua papo hapo kwamba yule mwanamke anaipunguzia nyumba yake kodi. Tangu siku hiyo akikutana nao ngazini alipita kama anapishana na nguzo.

Ijumaa mchana Dada wa Kodi alishuka kuulizia kiti chake kilichovunjika mguu. Ndani alikuwepo mteja mmoja, amekaa akijaribu kiti kipya. Fundi hakuinua kichwa.

"Mfikishie bwana wako salamu," alisema. "Mwambie raha ya kuoa ofisini naiona."

"Shemeji, kama una neno, niambie mimi. Kiti changu hakina masikio."

Fundi akalimwaga lote. Nyumba mbili, pato lilelile, kodi mbalimbali. Kuna mchezo hapo. Dada wa Kodi hakukasirika, maana dirishani huambiwa mabaya zaidi kila siku. Alimwita mlangoni akamwonyesha ngazi za jengo.

"Hapa kwetu kodi inahesabiwa kwa mtu, siyo kwa nyumba," alisema. "Kila mtu anaanzia hapa chini, na pato la hapa chini halikatwi kitu. Likizidi, likapanda ghorofa ya kwanza, ile ziada inakatwa kidogo. Likipanda tena, ile ya juu kabisa inakatwa zaidi. Mimi na Spana tumegawana mzigo, kila mmoja ameishia ghorofa ya kwanza. Wewe umeubeba wote peke yako mpaka juu."

"Lakini jiko ni moja. Kwenu moja, kwangu moja."

Dada wa Kodi alikubali kwamba hapo ana hoja. Akamweleza kwamba zipo nchi ambako mke na mume huhesabiwa pamoja, na zipo zinazohesabu kila mtu peke yake, na watu hawajaacha kubishana. Wanaofanya kazi wote wawili husema wanalipa mlezi wa mtoto na nauli za watu wawili. Wenye kipato kimoja husema yule anayebaki nyumbani anafanya kazi pia, ila hakuna anayemlipa.

"Ukiona si haki, kasemee kwenye mikutano ya maoni. Mwambie mbunge wako," alimaliza. "Kuninunia ngazini hakubadilishi sheria."

Fundi akacheka bila kutaka. Halafu akapata wazo, akalitoa kama mtu anayeagiza chai. "Basi niandikie nusu kwa mama watoto, yaishe."

"Siandiki. Pato haligawanywi kwa sababu tu mmeoana. Ukimwandikia mtu kazi asiyoifanya, huo ni udanganyifu, na faini yake utauza mpaka kitanda." Akakitazama kile kiti kipya. "Kwani hizi sofa anashona nani?"

Nyuma ya pazia cherehani ilinyamaza.

Fundi alimtazama mteja. Asubuhi ileile alikuwa amemwonyesha mshono na kujisifu. Alishika nyundo, akaiweka, akaishika tena.

"Anashona yeye," alisema. "Mimi natengeneza mifupa tu. Nyama na ngozi ni zake, tangu mwanzo."

Mteja alipitisha kidole kwenye mshono, taratibu. Kisha akasema, basi huyo mama amshonee na viti vya chumbani. Fundi akauliza kwa bei gani. Mteja akamshangaa. Bei ileile, kwani kitambaa kimebadilika?

Pazia likafunguka. Mkewe alitoka, akakaa, akauliza afanye nini ili kazi yake ihesabiwe. Dada wa Kodi akamjibu yeye, siyo mumewe. Waandikiane mkataba wa ubia wenye ukweli, wausajili. Apate namba yake mwenyewe. Faida wagawane kwa kadiri ya kazi, na kila mmoja alipe kodi ya fungu lake. Kodi ya mwaka uliopita haitabadilika, italipwa. Lakini waende ofisini kabla ya tarehe ya mwisho, waombe kulipa kidogo kidogo. Na wasitegemee maneno ya ngazini, wakaulize dirishani.

Jumamosi mnunuzi alifika na mkokoteni. Fundi akamwambia cherehani ina mwenyewe, amuulize. Mwenyewe alikuwa na pini mdomoni. Alitikisa kichwa mara moja, akaendelea kushona.

Deni walilimaliza polepole. Mwaka uliofuata kila mmoja alihesabiwa peke yake, na kodi yao ikapungua kwa njia halali. Fundi alikwenda kwenye mkutano wa maoni pia. Hakujisemea mwenyewe. Alimsemea kaka yake dereva, ambaye mkewe anauguza mtoto nyumbani, na hawana mshahara wa pili wa kugawana. Maneno yake yalipokelewa. Sheria haijabadilika, na Fundi anasema atarudi.

Kibao cha mlangoni sasa kina majina mawili. Kiti cha Dada wa Kodi kilipanda ghorofani kikiwa na mguu mpya na mto juu yake. Mto ule ulishonwa kwa kitambaa cha pazia, kwa sababu pazia halikuwa na kazi tena.