Panya wa Sajini Kobe

Justina alianza kumtilia shaka yule panya siku alipoacha karanga.

Karanga zilikuwa kwenye sinia, juu ya meza ya stoo, wazi kabisa. Pembeni palikuwa na unga wa dona na kiroba cha maharage. Panya alivipita vyote hivyo, akapanda ukutani, akaila picha ya harusi iliyokuwa ndani ya fremu. Kioo hakikuwa na hata mkwaruzo. Lakini nyuma ya kioo, mahali pa uso wa bwana harusi, palikuwa na tundu lenye alama za meno madogo madogo kuzunguka kingo zake.

"Baba Aika," Justina alimwita mumewe, "panya gani huyu anaacha karanga anakula sura ya mtu?"

"Mende hao," alijibu Wilbert.

Hakwenda kutafuta mende. Aliinama chini ya meza, akavuta sanduku la bati, akalifungua kwa ufunguo aliokuwa akiuvaa shingoni, akatoa vitabu vyake kimoja kimoja na kuvikagua. Hakuna kona iliyoguswa. Akashusha pumzi, akatabasamu. Uso wake umeliwa ukutani, yeye anatabasamia karatasi. Ndivyo alivyokuwa.

Vilikuwa vitabu vya katuni vya Sajini Kobe, yule askari mwenye gamba ambaye hakuwahi kumkimbiza mwizi na hakuwahi kumkosa. Zamani viliuzwa bei ya andazi na chai. Watu walivisoma, wakafungia vitumbua, wakawashia moto, wakavisahau. Sasa waliokuwa watoto wakati ule ni watu wazima wenye pesa na hamu ya utoto wao, na bei zimekuwa za ajabu. Kilichochanika jalada kinakwenda kwa bei ya sahani ya chipsi. Kizima chenye pini zilizoota kutu, bei ya kuku. Pini safi, kona kali, hakuna mtoto aliyechora masharubu kwa kalamu ya wino, hapo mnaongea mbuzi. Namba moja ilikuwa ng'ombe wa maziwa. Na seti nzima, tangu namba ya kwanza mpaka ya mwisho, ilikuwa haisemeki, kwa sababu kundi la wakusanyaji la WhatsApp, kuanzia Dar mpaka Nairobi, lilizijua mbili tu. Moja ilikuwa ya mzee fulani wa Tanga, aliyeapa kuzikwa nayo. Nyingine ilikuwa ya Filbert.

Wilbert aliuza vitabu vya mitumba kwenye kibanda chake mtaani Pasua, mjini, na soko hilo alilijua nje ndani. Filbert alikuwa rafiki yake tangu utotoni kijijini Uru, juu mlimani, walipokuwa wakisomeana Sajini Kobe katikati ya mibuni badala ya kukata majani ya ng'ombe. Filbert alikua akawa mpagazi, wa kubeba mizigo ya watalii wanaopanda mlima. Kila alipomaliza safari alinunua kitabu kimoja, hata kama viatu vyake vilikuwa vimetoboka. Mwishowe mlima ulimkalia kifuani. Akiwa hospitali, anakohoa kikohozi kikavu cha kutafuta hewa, alimwita Wilbert na kumkabidhi ufunguo.

"Uza taratibu," alimwambia. "Usivunje seti. Pesa mpe mama aezeke nyumba. Masika ijayo isimkute inavuja."

Wilbert alimshika mkono, akaapa mbele ya muuguzi.

Baada ya mazishi, mama yake Filbert, Bibi Dominika, alimuuliza kwa upole kuhusu sanduku. Wilbert akaanza kulia. Machozi ya kweli kabisa, sijui aliyatoa wapi.

"Panya, mama," alisema. "Nimefungua nimekuta vumbi tupu. Panya wamekula vyote."

Yule mama alimfariji. Alimwambia asijilaumu, panya ni panya, kisha akamfungia mkungu wa ndizi na chupa ya maziwa aende nazo mjini. Wilbert akaenda nazo. Akazila.

Uongo ule haukuwa wa kumdanganya mama peke yake. Jioni ileile alichanachana vitabu vibovu visivyo na mnunuzi, akapiga picha vipande vyake, akaituma kwenye kundi: "Ndugu zangu, seti ya Filbert imeliwa na panya. Imebaki ya Tanga tu." Watu waliomboleza kuliko walivyomwombolezea Filbert mwenyewe. Kabla ya kulala, bei za Sajini Kobe zilikuwa zimepanda maradufu. Zikaendelea kupanda. Alipoona zimefika anapotaka, Wilbert alitangaza kwamba amebahatika kupata namba moja kwa mjane mmoja huko Arusha. Mkusanyaji wa Nairobi akainunua kwa bei ya ng'ombe wawili. Wilbert akanunua pikipiki ya kukodisha, akamwambia mkewe ni ya mkopo. Sanduku pia alikuwa amemwambia kwamba kalinunua mnadani.

Kifurushi cha Nairobi kilipakiwa kwenye basi asubuhi. Jioni, panya akaacha karanga.

Kilichofuata kuliwa ni cheti cha ndoa, jina la Wilbert tu. Kisha hati ya kiwanja, jina la Wilbert tu. Aliweka sumu, ikakaa mpaka ikaota ukungu. Aliazima paka kwa jirani. Paka alifika mlangoni mwa stoo, akanyanyua pua, akarudi kwao kwa kupitia juu ya ukuta.

"Hili ni jini," Justina alisema.

Wilbert alikubali haraka, kwa sababu jini linaweza kuingia kwa yeyote. Alichokuwa akikihofia yeye kilikuwa na jina.

Kisha usiku mmoja umeme ulikatika, ikawa zamu ya masikio. Joto la Februari lilikuwa limeikalia Pasua kiasi kwamba watu walilala milango wazi, lakini kutoka chini ya mlango wa stoo kulikuwa kunatoka baridi ya kuuma vifundo vya miguu, nayo ilikuja na harufu ya soksi mbichi na moshi wa mafuta ya taa, ile harufu ya wapagazi wanaposhuka mlimani, na ndani ya baridi ile meno yalikuwa yakifanya kazi, krr, krr, krr, bila haraka, kama ya mtu mwenye muda wote duniani, kisha yakanyamaza, na mahali pa meno pakasikika kikohozi kikavu kinachotafuta hewa na kuikosa, kisha meno tena, na Wilbert, aliyekuwa amelala chali macho wazi, alibana pumzi mpaka kifua kikamuuma kwa sababu alijua anasikilizwa.

"Baba Aika," Justina alinong'ona, mdomo ukiwa sikioni kwake. "Mbona panya anakohoa?"

Wilbert alifumba macho. Alijifanya amelala.

Asubuhi, Aika, binti yao wa darasa la kwanza, alikuja jikoni na msuko mmoja umekatika. Nywele zilikuwa zimelowa. Justina alizishika, akaona alama za meno. Akaikamata mikono ya mtoto, akaifungua. Kucha za mkono wa kulia zilikuwa zimeliwa mpaka kwenye nyama, na kwenye kidole cha shahada damu ilikuwa imegandia.

"Nani amekufanya hivi?"

"Anko Filbert," alisema Aika, kwa sauti ya kawaida kabisa. Alikuwa amemzoea, ndiye aliyekuwa akimsomea Sajini Kobe kila alipowatembelea. "Alikuja kunisomea. Anasoma huku anatafuna. Anasema baba aliwaambia watu kuna panya, sasa lazima panya awepo."

Justina alimgeukia mumewe. Wilbert alikuwa anaangalia sakafu.

"Nikamwambia asile vidole vyangu, ninaandikia," Aika aliendelea. "Akasema nimwombe baba aseme ukweli. Baba akikataa, anaanza na hiki."

Akainua kile kidole chenye damu.

Hapo ndipo Justina alipomng'ang'ania mumewe shati, na Wilbert akasema. Alisema kuhusu hospitali, kiapo na vumbi la uongo. Pikipiki hakuitaja. Namba moja hakuitaja. Hata pale, mtoto wake akivuja damu mbele yake, alikuwa bado anapiga hesabu ya kipi abaki nacho. Mtu anaweza kuwa hivyo, na ukimwona njiani utamsalimia tu.

Waliita mwinjilisti Godlove aje kuombea nyumba. Alisimama mlangoni mwa stoo, akahisi ile baridi miguuni, akafunga Biblia yake.

"Nyumba naweza kuiombea," alisema. "Lakini siwezi kuomba ili mali ya mtu ibaki kwako. Pandeni Uru leo, mkaseme yote. Yote, Wilbert."

Walikodi gari, wakaweka sanduku nyuma, Aika akakaa katikati yao, mkono wake umefungwa kitambaa. Huko juu ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba ingawa ilikuwa mchana. Wilbert alichuma jani la isale kwenye mpaka wa shamba, akalifunga fundo kama alivyoona wazee wakifanya, akapiga magoti mbele ya Bibi Dominika na kulinyoosha kwa mikono miwili. Mchagga hahitaji kuelezwa maana yake. Ukiletewa isale, unasamehe, hata kama moyo unakataa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alilitazama lile jani kwa muda mrefu. Wilbert alipomaliza kueleza, machozi yalikuwa yakimtiririka yule mama mpaka shingoni. "Nilikupa ndizi," alisema. "Nilikufungia na maziwa, Wilbert."

Akalipokea. Isale halikataliwi.

Kisha akafungua sanduku. Juu kabisa palikuwa na kitambaa chake cha kichwa cha zamani. Akakikunjua. Ndani hapakuwa na kitu.

"Cha kwanza alikuwa anakifunga humu," alisema. "Kiko wapi?"

Justina alimtazama mumewe. Hili hakulijua. Wilbert aliifikiria pikipiki, akafikiria hasira ya mkewe, na ulimi wake ukapita njia ileile uliyoizoea.

"Hicho, mama," alisema, "hicho panya walikula kweli."

"Baba," Aika alinong'ona.

Bibi Dominika alikikunja kitambaa polepole.

"Mimi nimekusamehe," alisema. "Lakini vitabu havikuwa vyangu. Mwenyewe yuko pale nyuma ya nyumba. Nenda kamwambie hivyohivyo ulivyoniambia."

Kaburi lilikuwa kihambani, kwenye shamba la ukoo, kati ya migomba, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba msalaba ulionekana nusu tu. Wilbert alipanda isale lingine pale kichwani, na mizizi yake. Angeweza kusema pale. Hapakuwa na mtu wa kumsikia ila marehemu. Lakini alisema, "Filbert, ndugu yangu, vyote nimerudisha, isipokuwa kile kilicholiwa na panya," na mara maneno yalipomtoka migomba ikatulia kabisa, ndege wakanyamaza, na kutoka chini, si mbele wala nyuma, kutoka chini kabisa ya nyayo zake, kikaja kikohozi kikavu, mara moja, cha mtu anayetaka kuanza kuongea. Wilbert aligeuka akarudi kwenye gari kwa kukimbia.

Usiku huo nyumba ya Pasua ilikuwa kimya. Hapakuwa na baridi wala meno. Wilbert alilala usingizi mzito, akaamka ana furaha, akaomba uji.

Simu ya Justina ikaita. Akaiweka sauti ya juu.

"Justina mwanangu," Bibi Dominika alisema, "lile isale la kaburini limegugunwa mpaka kwenye mzizi. Mbuzi wangu amefungwa, na hakuna mtu aliyepita. Muulize mumeo, ni panya gani aliyekula kitabu cha mwanangu?"

Jua lilikuwa linaingia dirishani. Kwenye stoo, mchana kweupe, krr, krr, krr. Aika aliweka mkono wake wa kulia juu ya meza, akaukunjua, akatanua vidole kama mtu aliyeamriwa.

"Baba, sema. Tafadhali baba, sema."

Wilbert alifumbua kinywa. Labda safari hii alitaka kusema kweli. Tusimnyime hilo. Lakini meno ya kule stoo yalinyamaza ghafla, na sauti ileile ikaanza karibu zaidi, ndani, nyuma ya meno yake mwenyewe, krr, krr, naye akatoa macho, akajishika taya kwa mikono yote miwili, akaanguka magotini huku damu ikipita kati ya vidole. Justina alimgeuza uso kwenye mwanga. Ulimi ulikuwa umeliwa kuanzia ncha, kwa alama za meno madogo madogo, kama kona ya kitabu kilichosahauliwa stoo.

Hospitali waliandika kwamba alijing'ata.

Kucha za Aika zimeota, na mkono wake wa kuandikia ni mzima. Justina aliyakuta yote kwenye simu ya mumewe, akauza pikipiki, na Bibi Dominika akaezeka nyumba kabla ya masika. Sanduku liko Uru na haliuzwi. Wilbert bado anakaa kibandani Pasua, na bei anawaonyesha wateja kwa vidole.

Kilichobaki ni namba moja. Yule wa Nairobi aliiuza kwa hasara, bei ya ng'ombe mmoja. Aliyeinunua akaiuza kwa bei ya mbuzi. Ikapita mikononi mwa watu mpaka ikawa bei ya kuku, na juzi imerudi tena kwenye kundi kwa bei ya andazi na chai, kama zamani. Kila mtu ameona tangazo na hakuna aliyeuliza. Muuzaji ameandika kiaminifu, kama sheria za kundi zinavyotaka: "Jalada safi. Pini hazina kutu. Hakuna kona iliyoliwa. Kasoro: kinakohoa, na kinamwulizia Wilbert."